Ng'ombe wa Kwenye Shuka

Segese,
4 Juni 2024

Kwako Nkwabi,

Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo inafuka moshi. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako mama huisikiliza kwa spika, na hili sitaki alisikie kabla sijajua la kufanya. Mama Nelly, jirani yangu, anakuja Didia kununua mchele, ndiye atakayekupa bahasha.

Edson ameondoka. Ndiyo, DJ Edson, mtafsiri wangu, yule aliyekuwa akikaa pembeni ya shuka ninaloonyeshea filamu, na kipaza sauti, akiwagombanisha Wachina kwa Kiswahili cha Kahama. Marcel amefungua banda jipya la video ng'ambo ya barabara, lina skrini kubwa na mabenchi yenye egemeo, naye amemchukua. Edson hakunificha. Alikuja kuniaga kwa adabu, akasema, "Dada, usinichukie, kule kuna feni." Nikamtakia heri, na alipotoka nikapiga ndoo teke.

Unajua banda la video bila mtafsiri ni kitu gani. Watu wanapanda kutoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wamechoka, vumbi limewaganda kwenye kope, hawaji kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Walikuwa wanakuja kumsikia Edson. Jumamosi nilipata watu wachache, na nadhani walikuwa wanakimbia jua tu.

Mama akijua, najua atakalosema. Tangu nilipojenga banda hili anasema ni kazi ya wahuni, na kwamba jembe langu liko nyuma ya mlango linaningoja. Tena tuliahidiana mimi na yeye: banda likifa narudi Didia kulima, bila ubishi. Sasa linakufa, Nkwabi, na mimi sitaki kurudi. Kila msumari wa hapa naujua kwa jina. Nikiwasha projekta, nikawasikia watu gizani wanavuta pumzi kwa pamoja, ndipo najiona mtu.

Wewe unawajazia watu filamu kwenye simu zao kutwa kucha. Nitafutie zisizohitaji mtafsiri.

Dada yako,
Hosiana


Didia,
9 Juni 2024

Shikamoo dada,

Barua imefika, na Mama Nelly amemaliza uji wetu wote. Pole kwa habari ya Edson. Mtu aliyezoea kupepewa na kofia, ukimwonyesha feni umempoteza.

Filamu zisizohitaji mtafsiri ninazo, ila sijui kama utanishukuru. Unamkumbuka yule Mzungu mpima maji aliyekaa hapa kijijini akitafuta pa kuchimba visima? Vifaa vyake alikuwa anachajia kwangu, na siku ya kuondoka akaniachia diski nzima ya filamu kwa shukrani. Mimi nikafurahi, nikijua ni za mapigano. Dada, hizi si filamu nilizozizoea. Iko moja ya mwanamume mwenye kichwa cha farasi anayeuza barafu mlango kwa mlango, na katika mji mzima hakuna mtu anayeshangaa kichwa chake. Niliizima kwa hasira. Kesho yake nilikuwa nachomelea waya wa simu ya mteja, kumbe mawazo yako kwa yule farasi, anajisikiaje, nikaiunguza simu ya watu.

Nakutumia mbili kwenye flashi. Ya kwanza ni mzee anayejenga ukuta wa mawe kwenye nchi ya baridi, basi. Haongei, wala haji mtu kuongea naye. Mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya pili niligundua kwamba kila jiwe analiokota analigeuza mpaka likubali lenyewe mahali pa kukaa, na filamu ilipokwisha nikajikuta nimekunja ngumi kama niliyekuwa namsaidia kubeba.

Ya pili ni ya mama mmoja mwenye koti refu. Ng'ombe wake amepotea, na filamu nzima anamtafuta vilimani kwenye ukungu, anafuata nyayo, anagonga milango ya majirani na milango haifunguliwi. Mwishoni anapanda juu ya kilima anaita kwa sauti, halafu anasimama tu mpaka panaingia giza. Ng'ombe hatumwoni. Hii imenichukiza kupita zote. Huwezi kumtembeza mtu saa nzima na ushee nyuma ya ng'ombe halafu usimwonyeshe hata mkia. Msukuma asingethubutu kutengeneza kitu kama hicho.

Mama aliitazama na mimi, amesimama mlangoni pa kibanda changu na ungo mkononi. Yule mwanamke alipoanza kuita kule kilimani, mama akaweka ungo chini, akatoka, na chakula cha mchana hakukigusa. Nadhani ameudhika kama mimi. Habari za Edson sijamwambia.

Zitazame kwanza mwenyewe. Tafadhali usiwaonyeshe wachimbaji kabla hatujashauriana.

Mdogo wako,
Nkwabi


Segese,
17 Juni 2024

Nkwabi,

Nimewaonyesha wachimbaji kabla hatujashauriana.

Nilianza na ukuta. Nikajua kimya kile kitawafukuza, kwa hiyo nikamwomba fundi mmoja wa karasha, mashine ya kusaga mawe, mtu mwenye mdomo, akae na kipaza sauti atie maneno yoyote. Akaanza na kwamba mzee amegombana na mkewe. Hakuna aliyecheka. Akasema mzee anajenga jela ya mkwewe. Watu wakaanza kuvaa kandambili zao. Alipoona wanaondoka, yule mpumbavu akasema, "Ndugu zangu, chini ya ukuta huu mzee amefukia dhahabu."

Banda zima likanyooka. Aliyekuwa mlangoni akarudi. Kuanzia hapo kila jiwe likiinuliwa watu wanasema lile, lile, na mmoja akaapa kwamba jiwe jeupe la kona ni mwamba wenyewe, ameuona mshipa kwa macho yake. Wengine wakabishana kama mzee ana leseni. Sijawahi kuona watu wakitazama kitu kwa bidii namna ile. Mwishoni mzee akajifuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani kwake, filamu ikaisha. Benchi langu moja sasa lina miguu mitatu. Nikipita sokoni, hata wauza nyanya wananiuliza dhahabu iko wapi.

Mtu mmoja tu alibaki amekaa, Mwita, yule mzee anayepanga magogo ya kuzuia udongo ndani ya maduara. Nilimwendea nikidhani amelala. Akaniambia dhahabu hakuwa anaitazama, alikuwa anatazama mikono. Kazi yake kule chini ni hiyohiyo, kuligeuza gogo mpaka likubali, na ukiharakisha unawazika wenzako. "Sikujua kwamba kazi kama yangu mtu anaweza kukaa akaitazama," akasema, akaomba niirudie siku nyingine bila kelele. Nikasikia raha ndogo, Nkwabi, nikasahau benchi kwa muda.

Ile ya ng'ombe nimeitazama peke yangu, asubuhi, banda limefungwa. Sipendi nilivyojisikia. Alipogonga mlango wa tatu nilijikuta nasema kwa sauti, "Si mfungue." Nilikuwa nabishana na shuka. Halafu ikaisha vile ulivyosema, na nikakaa na hasira mpaka jioni. Ukiniuliza kama ni filamu nzuri, sijui. Najua siwezi kuwaonyesha watu niliowanyima dhahabu, nikawanyima na ng'ombe.

Nitumie za mapigano. Nitasoma Kiingereza mwenyewe.

Hosiana


Didia,
25 Juni 2024

Shikamoo dada,

Nimecheka mpaka mteja akanihurumia. Lakini kosa si la filamu. Mlimtia mzee wa watu maneno ambayo hakuyasema, halafu mkamkasirikia kwa kutoyatimiza. Mwache mtu akae kimya chake. Anayetaka kuona ataona, kama Mwita.

Za mapigano nimezijaza kwenye flashi hii, zipo tele. Ila sikubaliani nawe juu ya ile ya ng'ombe, ingawa nami imenichukiza. Tangu niitazame nimeanza kusoma nyayo. Nikienda kisimani naangalia chini. Filamu za mapigano nimetazama mamia na hakuna hata moja iliyonifuata kisimani.

Sasa habari za mama. Ya Edson ameshayajua, Mama Nelly hana breki. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Alikwenda nyuma ya mlango, akalitoa jembe lako, akalifuta vumbi, akaliegemeza ukutani pa kuonekana. Nimeona nikuambie ujiandae.

Jambo jingine linanitatiza. Kila alasiri anakuja kibandani, anawaambia wateja wasogee, anataka nimwekee "yule mama". Anatazama yote, na yule mwanamke akianza kuita pale kilimani anaondoka. Nilimuuliza kama filamu inamuudhi kwa nini airudie. Akasema, "Huyo aachwe peke yake?" basi. Labda anawakumbuka ng'ombe wetu walioibwa kabla hatujazaliwa. Unajua habari zile hazipendi. Hata baba alipokuwa hai walikuwa hawazigusi.

Nkwabi


Segese,
15 Julai 2024

Nkwabi,

Keti kwanza.

Za mapigano zimeshindwa. Nimesoma Kiingereza mwenyewe kama nilivyosema, na watu wameniheshimu kwa kutocheka mbele yangu. Ng'ambo ya barabara Edson ananguruma, feni inazunguka, nasikia watu wangu wa zamani wanavyopiga makofi. Ijumaa Marcel alinikuta dukani, akaniambia mbele ya watu kwamba Segese haina haja ya mabanda mawili, bora nifunge kwa heshima nikapumzike. Neno hilo, nikapumzike, lilinipanda kichwani. Nikamwambia kama ana uhakika hivyo tucheze kama Bagika na Bagalu.

Yeye ni mtu wa Bukoba, ilibidi aelezwe. Aliyemweleza ni kamanda wa walinzi wa sungusungu, Masele, aliyekuwa pale ananunua chumvi. Akamwambia Wasukuma tukishindana ngoma hatuna majaji. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanakimbilia kwenye ngoma inayowavuta; jua likishuka, aliyezungukwa na watu ndiye mshindi. Marcel akacheka, akasema anaipenda sheria hiyo. Ikapangwa hapohapo: siku ya Nane Nane mchana, kila mtu awashe banda lake, na filamu zikiisha Masele apite aone watu wako wapi. Atakayeshindwa anang'oa mabati yake, na video haonyeshi tena Segese.

Nilitoka dukani najisikia simba. Nilipofika nyumbani nikajisikia kuku. Sina mtafsiri, mabenchi yangu ni mabovu, na nimeuweka mdomoni ushindi ambao siuoni. Nikishindwa naja Didia na begi langu, na mama atakuwa mlangoni. Nitumie filamu yenye kelele kuliko zote ulizo nazo. Na mama asijue.

Hosiana


Didia,
27 Julai 2024

Shikamoo dada,

Mama anajua. Mama Nelly tena.

Nisikilize kabla hujakasirika. Kelele nimekutumia, vifaru na helikopta, lakini kwa kelele Marcel atakushinda, ana spika kubwa kuliko zako. Kwenye ngoma, kundi dogo halishindi kwa kucheza kama kundi kubwa. Linatoa kitu ambacho mwenzake hana. Hayo ni maneno ya marehemu baba, aliyekuwa mchezaji wa kweli wa Bagalu, na mimi sina zaidi ya hayo.

La muhimu ni hili. Mama anakuja huko, sikumtuma mimi. Jana aliniuliza siku ya mashindano Hosiana ataonyesha nini. Nikasema vita. Akaanza kufunga kitenge na karanga. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini, akasema, "Kumwona mtoto wangu." Hajawahi kutia mguu Segese tangu uhamie, na jembe lako bado limeegemea pale ukutani linang'aa. Naogopa anakuja kukuchukua kabla hujashindwa, ili usidhalilike mbele za watu. Mpokee vizuri. Usibishane naye mbele ya Marcel.

Nasikitika sitakuwepo; kibanda siwezi kukifunga.

Mdogo wako anayekuombea,
Nkwabi


Segese,
9 Agosti 2024

Nkwabi, Nkwabi, mdogo wangu,

Naandika kwa haraka, usome hivyohivyo. Mabati yangu yako juu. Yako juu na yatabaki juu, na leo asubuhi yamenionekana kama ya kanisa.

Nikuhadithie kwa mpangilio, maana mama ananiambia natangulia tangulia. Alifika Jumanne. Hakusema habari ya jembe wala ya Didia. Alilizunguka banda, akagonga nguzo moja kwa ngumi, akauliza nani aliisimika. Nikasema mimi. Akasema imesimama. Kwa mama hiyo ni hotuba.

Jana mchana tukawasha. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wanasukumana mlangoni, Edson anawaita kwa kipaza sauti kila mtu kwa jina la utani. Kwangu walikuwa Mwita, fundi wa karasha aliyekuja kwa aibu, akina mama wawili wa nyanya waliokuja kwa huruma, na mama yangu mzazi kwenye benchi la mbele, kitenge kimefungwa kifuani. Nilishika flashi yenye vifaru, nikaigeuzageuza. Mama akageuka akaniambia, "Acha vita. Weka yule mama." Nilitaka kubisha. Nikatazama mabenchi matupu, nikaona sina cha kupoteza, bora nimtii mzazi. Nikaweka.

Tukatazama kimya, watu tusiojaza hata ukoo mmoja. Yule mwanamke akatembea, akagonga, akatembea. Mwita akasema polepole kwamba ng'ombe mwenyewe anachechemea mguu wa nyuma, tazameni nyayo. Kelele za Marcel zilikuwa zinapenya kwenye mbao, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni nitaanza kung'oa bati lipi. Basi akafika kilimani. Ukaja ule uso mkubwa shuka zima, mdomo ukafunguka, akaita. Mimi nikamtazama mama, nikijua sasa ndipo anapoondokaga.

Mama alisimama. Nikajua anatoka. Hakutoka, Nkwabi. Aliweka viganja mdomoni akapiga mwano.

Umeshasikia mwano wa kweli? Mimi nilikuwa nausikia kwa mbali tu, sungusungu wakiitana wizi unapotokea. Huu ulitoka kwa mama yetu, mwanamke tunayemjua kwa sauti ya kuita kuku. Nywele zilinisimama. Na unajua sheria: mwano haukai bila kujibiwa. Anayeusikia anaupokea, anaupitisha, anakwenda. Mama wa nyanya wa kwanza akaupokea akiwa amekaa palepale, wa pili akatoka nao nje, wauzaji wa sokoni wakauchukua, watu wa karasha wakazima mashine wakauinua, na ulipofika kwa Marcel ulikuwa mkubwa kuliko spika zake zote. Banda lake likapasuka kama gunia. Walitoka kwa mlango, walitoka kwa chini ya turubai, wenye fimbo na fimbo, wasio nazo wameng'oa ubao, wote wanakimbilia kwangu. Mbele yao Masele na filimbi.

Wakajaa. Masele akauliza mwizi yuko wapi, na nani aliyepiga mwano. Mwano wa uongo una adhabu, hilo nalo unalijua. Mama akamjibu bila kukaa, "Mimi. Huyu mwenzetu ameibiwa ng'ombe, anaita, na nyumba zote zimefungwa. Ninyi hamkumsikia?" Akaonyesha shuka. Watu wote wakageuka. Na yule mwanamke alikuwa bado yuko pale juu, kama ulivyoniandikia, amesimama tu kwenye upepo, anatazama upande wetu.

Nilingoja wacheke. Pale pale ningekwisha. Masele alimtazama yule mwanamke muda, fimbo begani. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Nyayo zinaanzia wapi?" Mwita akasema zinaanzia zizini, mwanzo wa filamu. Masele akaniambia nirudishe mwanzo. Akaketi chini vumbini, na alipoketi yeye wakaketi wote.

Nimeionyesha filamu nzima, Nkwabi, kwa watu walioketi hadi barabarani, nimeng'oa ubao wa nyuma ili wa nje waone. Mtu akipoteza nyayo mwenzake anamwonyesha. Wafugaji wakagombana na wachimbaji kama mnyama alivuka mto au hakuvuka. Kila mlango uliokataa kufunguka, banda zima likaguna. Edson naye alikuja, kipaza sauti bado mkononi waya unaning'inia, na watu wakamwambia atafsiri. Alitazama shuka, akasema, "Hapa sina cha kuongeza," akakizima. Ng'ambo ya barabara filamu ya Marcel ilikuwa inaendelea kupigana peke yake na feni.

Na sikiliza hili, wewe uliyeichukia miezi miwili. Mwishoni, baada ya kuita, lile giza linapoingia, watu walinyamaza kiasi kwamba nilisikia projekta inapumua. Ndipo ikasikika kengele. Ndogo, mbali, kengele ya shingoni mwa ng'ombe, na yule mwanamke anageuza kichwa kidogo kabla picha haijazimika. Ipo humo siku zote. Wewe hukuisikia kwa sababu ya vispika vyako vya kompyuta, na mimi sikuisikia kwa sababu ya hasira. Watu wakaruka. Mwita alikuwa analia na kucheka, anasema anachechemea lakini anakuja, anakuja.

Marcel alilalamika, na kwa haki yake. Alisema watu walikuja kwa mwano, hawakuja kwa filamu. Masele akamjibu, "Kwa mwano mtu huja, akiona hakuna mwizi anaondoka. Hawa wamekaa." Marcel ni muungwana, alinipa mkono mbele za watu. Anahamia Kahama, na amesema anataka kuiona ile kengele tena kabla hajaondoka. Nimemwambia aje, aketi mbele.

Kitu kimoja tu sikuelewa. Watu walipokuwa wanaingia mbio na fimbo zao, mama alikuwa anawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtiririka, na akawa anasema neno moja tu: "Wamekuja." Nilimuuliza nani. Akaendelea kuhesabu nyuso. Leo amesema atakuandikia mwenyewe, nimshikie kalamu.

Dada yako, mwenye mabati,
Hosiana


Segese,
11 Agosti 2024

Nkwabi ng'wanone, mwanangu,

Anayeandika ni dada yako ila maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze chumvi.

Kwanza kuku. Yule mwekundu anaatamia chini ya kitanda chako, usimfukuze. Jembe la Hosiana nililifuta vumbi kwa sababu langu limevunjika mpini na mvua haziko mbali. Nasikia mlipata hofu. Mngeniuliza.

Uliniuliza kwa nini niirudie filamu inayoniudhi. Mwaka walipochukua ng'ombe wetu, baba yenu alikuwa Ushetu kwenye tumbaku, na ninyi hamjazaliwa. Walikuja mchana kweupe, na bunduki. Nilitoka uani nikapiga mwano mpaka sauti ikakatika. Moshi wa mapishi nilikuwa nauona kwenye kila nyumba. Hakuja mtu. Siwalaumu, bunduki inatisha, na sungusungu ilikuwa haijaanza kwetu. Baba yenu aliporudi nilimwambia sikuwahi kupiga mwano, nilikuwa mtoni, ili asigombane na majirani. Amekufa akijua hivyo. Tangu siku hiyo sikupiga mwano tena kwa jambo lolote, nikaona sauti yangu haina kazi.

Kwenye kompyuta yako nilipomwona mwenzangu anapanda kilima, nilijua atakachokipata, nikatoka nisishuhudie. Lakini kila siku nilirudi, labda siku hiyo mlango mmoja ungefunguka. Mlipoanza habari za mashindano nikasema nitakwenda huko kwenye watu. Kama hakuna wa kumjibu, nimjibu mimi. Sikuwa na hakika kama sauti ipo. Ipo.

Mimi nakaa huku kidogo. Hosiana amenipa benchi la mbele, na watu wa maduara wananiamkia kabla hawajaketi. Kesho anamrudisha yule mzee wa ukuta, bila maneno, Mwita ameomba. Wewe funga hicho kibanda uje, na ulete yule mwenye kichwa cha farasi. Nataka kumwona mtu ambaye hakuna anayemshangaa.

Nimewasamehe majirani, hata waliokufa. Mara ile hakuja mtu. Alhamisi wamekuja wote, hata waliokwisha kulipa kiingilio kwa Marcel.

Mama yako